Kutoka Ntuzu hadi Rukwa: Nasaba Iliyofuata Ng'ombe

Fika kwenye maboma ya Wasukuma katika bonde la Ziwa Rukwa, uulize chimbuko lao. Utatajiwa Bariadi, Itilima, Meatu na Maswa, wilaya za Mkoa wa Simiyu, mara nyingi na vijana ambao hawajawahi kukanyaga huko. Uhamaji huu umeandikwa na wataalamu kama Per Brandström wa Sweden. Habari za kila familia, yaani nani aliondoka, lini na aliwaacha kina nani, bado zimo vifuani mwa wazee.

Chanzo kimojawapo cha uhamaji huo ni pamba. Fedha yake ilinunua ng'ombe, huku mashamba yake yakila malisho. Upande wa mashariki, Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na baadaye Pori la Akiba la Maswa nalo likafungwa kwa wafugaji. Kabla ya uhuru, serikali ya kikoloni ilikuwa ikihimiza watu wahamie Geita. Miaka ya 1970 na 1980 wengi waliswaga mifugo kuelekea kusini, wakafika Rukwa na Usangu. Operesheni ya kuwaondoa wafugaji Ihefu, eneo oevu la Usangu, mwaka 2006 na 2007 iliwasukuma wengine hadi Lindi. Ndugu wa boma moja la Ntuzu, eneo la Bariadi, wanaweza leo kuwa na wajukuu katika mikoa minne.

Nasaba iliyotawanyika hivyo itafutwe wapi? Mholanzi anayemtafuta babu aliyehamia Michigan mwaka 1847 na kundi la mchungaji Albertus van Raalte ana daftari za serikali za vizazi, ndoa na vifo tangu mwaka 1811. Mnyantuzu, yaani mtu wa Ntuzu, aanzie badala yake kwenye mahari. Hans Cory, aliyeandika sheria za mila za Wasukuma mwaka 1953, alionyesha kwamba watoto wa ndoa iliyolipiwa mahari ni wa ukoo wa baba. Isipolipwa, ni wa upande wa mama, mpaka baba awakomboe kwa ng'ombe. Kwa hiyo mzee anayekumbuka ng'ombe waliotoka na kuingia zizini amehifadhi nasaba nzima. Usimuulize tu, "Babu yako nani?" Muulize mahari ya bibi ilitoka kwa nani, na ng'ombe waliokuja kwa shangazi walimwoza nani. Hapo ndipo majina ya matawi yaliyosahaulika hujitokeza.

Maandishi nayo yapo, hasa ya makanisa. Africa Inland Mission, ya Kiprotestanti, iliingia Nassa, ambayo sasa iko Busega, mwaka 1909. Kwa Wakatoliki kuna hazina isiyotumiwa vya kutosha: mtu akifunga ndoa mbali na kwao, paroko hupeleka taarifa katika parokia alikobatizwa, nayo huandikwa kando ya jina lake kwenye daftari la ubatizo. Mstari huo mmoja unaweza kumwonyesha mjukuu kwamba ndugu wa babu yake alioa Sumbawanga, na mwaka gani.

Anayekwenda Nyaraka za Taifa asitafute Simiyu, kwani mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012. Atafute Maswa, wilaya iliyokuwa na Ntuzu ndani yake, chini ya Jimbo la Ziwa. Karatasi za Cory mwenyewe zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Karatasi zitasubiri, wazee hawatasubiri. Kama una babu au bibi Bariadi, Itilima au Meatu, nenda likizo hii ukamrekodi kwa simu yako, kwa Kisukuma chake, na umwanzishe kwa habari za ng'ombe.