Elena (mhusika wa michezo ya video)

Elena ni mpiganaji kutoka Kenya katika Street Fighter, mfululizo wa michezo ya video wa kampuni ya Capcom ya Japani. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1997 katika Street Fighter III. Ana nywele nyeupe na hupigana kwa kapoera: hata mchezaji akibonyeza kitufe cha ngumi, linatoka teke. Mbinu yake inayosumbua zaidi ni ya kujiponya. Akiachiwa nafasi, hujirudishia uhai aliokwisha kuupoteza.

Mwaka 2012 aliingia katika Street Fighter X Tekken, ambamo wapiganaji wa Capcom walikutana na wa kampuni ya Namco. Alirudi katika Ultra Street Fighter IV (2014), kisha akaongezwa katika Street Fighter 6 mwezi Juni 2025, katika msimu uleule wa wapiganaji wa nyongeza uliowaleta Terry Bogard na Mai Shiranui, wageni kutoka kampuni ya SNK.

Kapoera yenyewe ni ya Brazili, iliyoasisiwa na Waafrika waliopelekwa huko utumwani, wengi wao kutoka Angola. Afrika Mashariki ina michezo yake ya mapambano, kama kirumbizi cha fimbo kinachochezwa Pemba na Lamu, na Mkenya huyu alistahili kupewa mbinu zilizochotwa humo.