Nani alipima ploti akasahau darasa? Uzi wa historia kutoka Chepsaita

Uzi. Ni mrefu, chukua chai.

Tangu Eldoret ipewe hati ya kuwa jiji, tarehe 15 Agosti 2024, mjadala ni ule ule kwenye baraza, kwenye matatu, kwenye redio. Upande mmoja unasema mashamba yageuzwe ploti, ghorofa zijengwe, vijana wapate nyumba na kazi. Upande wa pili unasema ploti zimezidi, watoto wanabanana kwa madawati, simamisheni ujenzi. Mimi ni wa Chepsaita, huku wengi wenu mnakujua kwa mbio za nyika. Bado tuna mahindi na ng'ombe, lakini vigingi vya wapimaji vinazidi kusogea. Nasoma sayansi ya siasa, na nikisikia hizi pande mbili najiuliza mbona hakuna anayerudi nyuma kidogo.

Sitaji mtu wala chama. Ukija kwa maoni na rangi za kampeni nitakupita tu.

Anza na jina. Wazee wanaita Eldoret "Sisibo", yaani sixty-four. Baada ya Wanandi kushindwa vita na Mwingereza, mwaka 1905 na 1906, uwanda wa Uasin Gishu ulikatwakatwa kuwa mashamba yenye namba. Makaburu kutoka Afrika Kusini wakafika na mikokoteni yao 1908. Posta ikawekwa kwenye Shamba namba 64, na mwaka 1912 pakapewa jina Eldoret. Kwa hivyo mji wenyewe ni shamba lililobadilishwa matumizi. Anayesema "hapa palikuwa shamba na pabaki shamba" anasimama mjini akisema hivyo.

Sasa hii habari ya kanda: hapa nyumba za familia moja, pale ghorofa, kule kilimo. Watu hudhani ni hesabu za mainjinia tu. Kenya haikuanza hivyo. Mwaka 1913 daktari mmoja Mwingereza, Simpson, alishauri Nairobi igawanywe kwa rangi za watu, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Mwaka 1939 sheria ikaweka wazi kwamba nyanda za juu, Uasin Gishu ikiwemo, ni za wazungu. Mwafrika aliruhusiwa mjini kama mikono ya kazi. Alijengewa chumba cha mwanamume asiye na familia, wakati mwingine hata si chumba, ni nafasi ya kitanda. Mke na watoto wabaki kijijini.

Hapo ndo napenda watu wasimame kidogo. Kama mji umepangwa kwa mtu asiye na mtoto, nani atatenga uwanja wa shule ya mtoto wake? Ukitembea kwenye mitaa ya vyumba kimoja kimoja leo, hilo wazo la zamani bado limesimama, limeongezewa tu ghorofa.

Uhuru ukaja. Mashamba makubwa yakaanza kununuliwa, mengine kupitia mpango wa serikali wa eka milioni moja ulioanza 1962, mengine na watu waliochanga hisa kwa vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi. Langas, mtaa unaotajwa kila mara kwenye mjadala wa msongamano, ilikuwa shamba. Hao wazee walikuwa na makosa yao (kesi za hisa ziliwazeesha wengine), lakini kuna kitu walifanya ambacho sisi tumeacha. Wakigawa shamba zima kwa wakati mmoja, kamati ilikuwa inatenga pa shule, pa kanisa, pa dipu ya ng'ombe. Si kila mahali, na sehemu zingine zilinyakuliwa baadaye, ripoti ya tume ya Ndung'u ya 2004 imejaa hayo. Lakini kulikuwa na meza moja ambapo mtu angeweza kuuliza, "Na shule je?"

Leo hiyo meza haipo. Mzee ana eka kumi, anagawia vijana wanne. Kijana mmoja anauza eka moja alipe karo au deni. Mnunuzi anaikata ploti nane za hamsini kwa mia, hata kidogo, manake barabara lazima ipite. Kila ploti inapata mwenyewe. Tuseme kila mmoja anajenga vyumba ishirini vya kupangisha: eka iliyolisha nyumba moja sasa ina milango 160. Hakuna aliyevunja sheria. Na hakuna aliyegawa eneo kubwa kiasi cha kuambiwa "toa sehemu ya shule".

Mtauliza, si kuna bodi ya ardhi? Ipo. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967, shamba la kilimo haligawanywi bila idhini yake. Lakini soma bodi inaangalia nini: kama kugawanya kutapunguza mazao ya ardhi. Sheria inauliza kuhusu mahindi. Kuhusu dawati haiulizi. Katiba ya 2010, kifungu cha 68, ikaliagiza bunge liweke kiwango cha chini cha ardhi mtu anaweza kumiliki. Muswada ukaletwa 2015, ukafia njiani.

Tuje shuleni. Msongamano haukuletwa na ploti peke yake. Mwaka 1974 karo ya miaka minne ya kwanza ya msingi ilifutwa kwa tamko, shule zikafurika, halafu wazazi wakaambiwa walipe pesa ya ujenzi. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ukaongeza darasa la nane. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bure na wanafunzi nchini wakaruka kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Januari 2023 sekondari ya chini ikawekwa ndani ya shule za msingi, na 2025 gredi ya tisa ikafika na kuhitaji madarasa yake. Kila mara ahadi ilitangulia tofali. Na hizo mara zote, kiwanja cha shule kilibaki kile kile.

Halafu kuna hili ambalo kwangu ndilo kiini. Kwa Katiba, mipango ya ardhi na vibali vya ujenzi ni kazi ya kaunti. Shule za msingi na sekondari ni kazi ya serikali ya kitaifa. Chekechea ni ya kaunti. Ingia shule yoyote ya umma huku kwetu usome maandishi ukutani: darasa hili limejengwa na kaunti, lile na hazina ya eneo bunge, lile la mabati ni wazazi. Uwanja mmoja, wenye nyumba watatu. Anayetia sahihi kibali cha milango 160 si yeye atakayetafutia watoto wa hiyo milango dawati. Akiulizwa anasema shule si zake, na anasema kweli. Yule wa shule akiulizwa anasema hakushauriwa kuhusu ploti, naye anasema kweli.

Ndio maana mkutano ukikosa wa kujibu, mtu husimama mwishoni na kusema "ni hawa wageni". Nchi yetu hii, hilo neno tunajua linakoenda. Mwanzoni mwa 2008 uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Eldoret ulijaa mahema, na nilikuwa mtoto. Mpangaji wa chumba hakugawa shamba. Aliyemuuzia ploti mwenye nyumba ni mtu wetu, mara nyingi ni binamu yetu, na tulikula mbuzi siku hiyo.

Sisemi ujenzi usimamishwe. Kodi za nyumba zinapanda, na vijana wa Chepsaita wanaotafuta chumba mjini wanajua. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaipa kaunti nafasi ya kutoa kibali chenye masharti. Kwa hivyo wakija na ramani ya kubadilisha matumizi huku kwetu, tusianze na "ghorofa ngapi". Tuulize shule iko wapi kwenye hiyo ramani, ni eka ngapi, na hati yake ya kumiliki iko kwa jina la nani. Wakisema itaangaliwa baadaye, waambiwe waandike hilo jibu kwenye kumbukumbu za mkutano, na sisi tupige picha ya ukurasa.