Homa isiyoisha: je, inaweza kuwa brusela?

Umetibiwa malaria, kisha ukatibiwa taifodi, lakini homa inarudi. Jioni unatoka jasho, asubuhi huna nguvu, mgongo na magoti yanauma. Wapo wanaoishi hivi kwa miezi na kuuza chakula chao ili wanunue dawa dukani. Katika maeneo ya wafugaji kama Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, chanzo kimoja cha kufikiria ni brusela.

Brusela ni nini?

Ni ugonjwa wa bakteria ambao watu huupata kutoka kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Mnyama mgonjwa mara nyingi hutupa mimba. Mtu huambukizwa akinywa maziwa mabichi, au akishika kwa mikono mitupu damu, kondo la nyuma au mimba iliyotupwa. Ni nadra sana mtu kumwambukiza mwenzake, kwa hiyo usimtenge mgonjwa.

Kwa nini huchelewa kugunduliwa?

Dalili zake hufanana na za malaria: homa, maumivu ya kichwa na viungo, uchovu, kukosa hamu ya kula. Mara nyingi huanza wiki 2 hadi 4 baada ya kuambukizwa, na wakati mwingine baada ya miezi, mtu akiwa amekwisha kusahau maziwa aliyokunywa. Tena, kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa hata baada ya kupona.

Nimwambie nini daktari?

Kipimo peke yake hakitoshi. Maelezo yako ni sehemu ya uchunguzi. Mweleze:

- homa ilianza lini, na hupanda saa ngapi;
- dawa zote ulizotumia, hata za dukani na za miti shamba;
- kama unafuga, unachinja, au unakunywa maziwa yasiyochemshwa;
- kama una mimba, au mimba imetoka;
- kama unakohoa kwa wiki 2 au zaidi, au umekonda.

Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu kifua kikuu na VVU pia huleta homa ya muda mrefu na jasho la usiku. Omba kupimwa vyote. Nenda na daftari lako la matibabu la zamani. Kama hamwelewani lugha, omba mkalimani.

Matibabu

Brusela inatibika. Kwa kawaida mgonjwa hupewa dawa mbili kwa pamoja, na matibabu huchukua wiki 6 au zaidi. Wajawazito na watoto wadogo hupangiwa dawa tofauti. Usiache dawa ukipata nafuu wiki ya pili, maana ugonjwa hurudi. Usigawane dawa na jirani.

Jikinge

Chemsha maziwa mpaka yatokote, hata yale utakayoyagandisha. Kugandisha maziwa hakuui bakteria wote. Vaa glavu unapozalisha mnyama, na fukia kwa kina mimba iliyotupwa.

Nenda kituo cha afya mara moja ukiona: degedege, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, au miguu kufa ganzi. Nchini Uganda, mkimbizi ana haki ya kutibiwa katika vituo vya serikali kama raia.