Mafuta ya kompresa za kaboni dayoksaidi: Si kila mkebe unafaa

MAZIWA ya jioni yakilala Ogwedhi bila baridi, asubuhi huwa yameanza kuwa mala. Mbuta wa Homa Bay naye hasubiri. Ndiposa anayenunua mtambo wa kupoza hana budi kuujua hadi mafuta yaliyomo ndani ya kompresa.

Marekebisho ya Kigali ya mwaka wa 2016, yaliyoanza kutekelezwa 2019, yanapunguza gesi za zamani hatua kwa hatua. Kilo moja ya R404A hupasha dunia joto takriban mara 3,900 kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi, ambayo mafundi huiita R744.

Hata hivyo, R744 ina ukaidi wake. Ikipita nyuzijoto 31 haigeuki kuwa majimaji hata ikishindiliwa vipi, na jua la mchana kandokando ya ziwa hukaribia kiwango hicho. Mtambo hulazimika kufanya kazi kwa shinikizo la baa 90 au zaidi, ilhali friji ya nyumbani ya R134a kwa kawaida haifiki 20.

Kwa shinikizo hilo gesi huyeyuka ndani ya mafuta, kama ilivyo katika soda, na kuyafanya mepesi. Hapa ndipo fundi hukosea kwa urahisi. Nambari ya mkebe hupima uzito wa mafuta yakiwa peke yake, katika nyuzijoto 40. Yakishaingiwa na gesi, yale ya nambari 68 huenda yakashindwa kutenganisha vyuma vinavyosuguana. Kwa hivyo mitambo ya shinikizo kubwa mara nyingi hutiwa ya nambari 80 hadi 120.

Mafuta ya madini ya friji za zamani hayachanganyiki vyema na R744. Hukwama katika mabomba ya baridi badala ya kurudi kwenye kompresa. Yale ya POE hurudi, na hutumika sana pale mota inapofungiwa ndani pamoja na kompresa. Ya PAG hulainisha vizuri ajabu, ila hayazuii umeme vyema, hivyo hufaa zaidi mota ikiwa nje.

Aina zote mbili, hasa PAG, hufyonza unyevu hewani. POE ikikutana na maji hutoa asidi inayokula vyuma. Mkebe uliofunguliwa juma lililopita usitumike, hata fundi akiapa kuwa aliufunika.

Jina la mafuta yanayokubalika huonyeshwa na mtengenezaji kwenye kompresa au katika kijitabu chake. Anayetia mengine bila idhini huenda akapoteza dhamana.