Mwalala na Nafasi ya Pili

Kaa maskani yoyote Likoni siku ya Jumamosi, utasimuliwa maisha ya Mikel Arteta hadi uchoke. Mzaliwa wa San Sebastián, kiungo wa Everton na Arsenal, msaidizi wa Guardiola kule Manchester City, kisha Desemba 2019 akakabidhiwa Arsenal. Hata watoto wa msingi wanayo kichwani. Sasa waulize hao hao Bernard Mwalala ni nani. Kimya. Labda mmoja aseme, "Si yule aliyekuwa kocha wa Bandari?"

Ndiye. Lakini kabla ya ukocha alikuwa mshambuliaji, na jina lake lilivuma zaidi ng'ambo ya Lunga Lunga kuliko hapa kwetu. Dar es Salaam walimwita Ben. Oktoba 26, 2008, Yanga iliifunga Simba 1-0, na bao lilikuwa lake. Kwa asiyejua uzito wa jambo hilo: Kariakoo mtu anaweza kusahau siku aliyozaliwa, lakini mfungaji wa mechi ya watani wa jadi hamsahau. Msimu huo Yanga ikabeba ubingwa.

Miaka kumi baadaye, 2018, alitoka Nzoia Sugar akaja Bandari, msimu ukiwa umeshaanza. Bandari ni timu ya halmashauri ya bandari, KPA. Changamwe na Likoni ni nadra kukosa nyumba ambayo haijawahi kula mshahara wa Kilindini, kwa hiyo ushabiki wenyewe tunaurithi pamoja na kitambulisho cha kazi cha baba. Na tunarithi pia kiu. Timu ya mwisho ya Mombasa kuchukua ligi ya Kenya ilikuwa Feisal, mwaka 1965. Hesabu mwenyewe.

Mwalala aliifikisha Bandari nafasi ya pili 2018, nyuma ya Gor Mahia. Msimu uliofuata, ya pili tena, nyuma ya Gor hao hao. Katikati yake, Januari 2019, kukawa na Kombe la SportPesa Dar es Salaam, na nusu fainali Bandari ikapangwa na nani? Simba. Kwao, mbele ya watu wao. Bandari 2, Simba 1. Mtu aliyewaliza kama mchezaji akarudi kuwaliza kama kocha. Wallahi hiyo pekee ingetosha kuchorwa ukutani pale feri. Fainali Kariobangi Sharks wakatufunga 1-0, na wao ndio waliokuja kucheza na Everton Kasarani. Juni tukawalipa, 3-1, fainali ya FKF Shield.

Kombe hilo likatupeleka Kombe la Shirikisho la Afrika. Bandari ikaitoa Al Ahly Shendi ya Sudan, kisha ikaitoa Ben Guerdane ya Tunisia baada ya kuichapa 2-0 nyumbani. Hiyo "nyumbani" ilikuwa Kasarani, Nairobi, karibu kilomita 480 kutoka Mbaraki, kwa sababu Pwani nzima haikuwa na uwanja wa kukidhi masharti ya CAF. Usiku mzuri zaidi wa soka la Mombasa katika umri wangu ulichezwa mji mwingine. Kuli akimaliza zamu Kilindini, apande basi usiku kucha, aone dakika tisini, arudi kazini? Wengi wetu tulifuata kwa simu. Horoya ya Guinea ndiyo iliyotusimamisha.

Halafu, kabla mwaka haujatimia tangu ile Shield, Bandari na Mwalala wakaachana. Matokeo ya ligi yalikuwa yameshuka, sikatai. Lakini tazama: Arteta alishinda Kombe la FA 2020, ligi ikamshinda, akamaliza wa nane mara mbili, na kiti hakikuondolewa. Baadaye akawa wa pili 2023, 2024 na 2025, na vijana wetu wakawa wanahubiri subira barabarani. Subira ya Mwhispania tunayo. Ya mtu wetu iliisha ndani ya miezi.

Mwalala akaenda Kakamega Homeboyz. Msimu wa 2021/22, timu hiyo ambayo haijawahi kuwa bingwa ilimaliza ligi ikiwa na pointi sawasawa na Tusker. Tusker wakachukua kombe kwa tofauti ya mabao.