Taa na Barabara za Mji wa Nairobi: Nani Aliamua na Nani Alilipa

Wazee wetu na wanachama wote,

Katika Mkutano Mkuu wa mwaka huu jambo lililotuchukulia saa nyingi kuliko yote halikuwa hesabu za mazishi wala karo za mayatima, bali taa. Baadhi yetu walitaka fedha za Chama zinunue taa za nguvu ya jua, zitiwe katika vichochoro vyetu ambamo watu huporwa jioni, na mama zetu watokao sokoni hutembea wakipapasa ukuta. Wengine walikataa kabisa. Walisema kwamba taa na barabara ni kazi ya serikali ya mji, na kwamba mtu akijinunulia haki yake huwafundisha wakubwa kumsahau. Maneno yakawa makali, mpaka mzee mmoja akasimama, akasema, "Kabla hatujapiga kura, tuelezeni kwanza mambo haya yalianzaje." Kwa hiyo Kamati imeona vyema kuandika kurasa hizi chache, ili tuamue hali tunajua.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, mahali Wamaasai walipopaita kwa maji yake baridi. Palikuwa kinamasi. Wenye reli walitaka uwanja tambarare wa kupanga mabehewa kabla ya kupanda milima kuelekea Bonde la Ufa. Hawakuwa wakitafuta mahali pema pa kujenga mji. Lakini watu walipokwisha kukaa, mji ukawa mji. Mwaka 1900 ikawekwa Kamati ya Mji ya watu wachache. Mwaka 1902 tauni ikaingia katika soko la Wahindi, na soko likachomwa moto. Bwana John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Ukamba, alipanda mikaratusi kando ya njia ili inyonye maji ya ardhi. Mwaka 1905 makao makuu ya serikali yakahamishwa kutoka Mombasa, na kijiji cha reli kikawa kichwa cha nchi kabla hakijapata mitaro ya kutosha.

Atakaye kufahamu barabara za Nairobi na aangalie kwanza udongo. Upande wa magharibi, penye miinuko, udongo ni mwekundu, nao hupitisha maji vizuri. Upande wa mashariki, tunakokaa wengi wetu, ni udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Barabara ikimwagwa juu yake bila kuchimbwa, kujazwa mawe na kuchimbiwa mitaro, haimalizi masika mawili. Basi maskini walipewa kukaa mahali ambapo barabara ni ghali zaidi kujenga, na wenye nguvu walikaa mahali ambapo barabara ni rahisi zaidi. Jambo hili moja laeleza mengi yaliyofuata, kwa sababu kila mara baraza lilipokuwa na fedha chache, lilikuwa na sababu ya kusema kwamba zitafika mbali zaidi magharibi.

Umeme nao ulikuja mapema. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza kulikuwa na kampuni iliyopewa ruhusa ya kuuza stima Nairobi, ikipata nguvu yake kutoka maji ya mto Ruiru. Mwaka 1922 kampuni hiyo iliungana na ile ya Mombasa, ikazaliwa East African Power and Lighting Company. Yafaa wanachama waangalie jambo hili: taa za njiani hazikuwa mali iliyonunuliwa mara moja ikaisha. Baraza la mji lilikuwa mteja wa kampuni, kama mwenye duka alivyokuwa mteja, na kila taa ilileta deni lake kila mwezi. Barabara yaweza kujengwa kwa mkopo, mkopo ukalipwa polepole kwa miaka mingi. Lakini taa hula kila usiku. Hii ndiyo sababu ya madiwani wa zamani, na wa baadaye pia, kukubali barabara kwa wepesi kuliko taa.

Je, uamuzi wenyewe ulifanywaje? Mwaka 1919 Kamati ya Mji iligeuka kuwa Baraza la Mji lenye nguvu zaidi kisheria. Injinia wa mji alipima njia, akakadiria gharama ya mawe, lami, nguzo na mitaro. Makadirio yalikwenda katika kamati ya kazi, kisha kamati ya fedha, ndipo yakafika mbele ya baraza zima. Iwapo fedha zilihitaji mkopo, ilibidi pia serikali ikubali. Katika kila hatua mtu aliyekuwa na kiti angeweza kusema, "Anzeni na njia yangu." Asiyekuwa na kiti hakuwa na wa kumsemea. Mwaka 1927 Tume ya Jaji Feetham, aliyetoka Afrika Kusini, ilitoa shauri juu ya mabaraza ya miji, nayo ilitaka Wazungu wawe wengi zaidi katika Baraza la Nairobi. Wahindi walipinga kwa nguvu. Waafrika, ambao ndio waliobeba mawe ya barabara hizo, hawakupewa hata kiti kimoja cha kupinga kutoka ndani.

Sasa tuje kwenye swali la malipo, kwa maana hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Baraza lilipata sehemu kubwa ya fedha zake kwa kodi ya viwanja, iliyotozwa kwa thamani ya ardhi yenyewe wala si ya nyumba iliyo juu yake. Mwenye kiwanja cha thamani kubwa alilipa zaidi, naye alidai zaidi. Mwafrika wa mjini hakuruhusiwa kumiliki kiwanja cha namna hiyo. Huko Pumwani, mtaa uliopangwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, mwenye nyumba alijenga kuta zake kwa fedha zake, lakini ardhi haikuwa yake. Alilipia nafasi tu. Aidha alilipa kodi ya kichwa au ya nyumba kwa serikali kuu. Basi alipouliza habari ya taa, jibu lilikuwa tayari: hulipi kodi ya viwanja, kwa hiyo huna dai. Alifungiwa mlango, kisha akalaumiwa kwa kutoingia.

Palikuwa na njia nyingine ya fedha. Tangu mwanzo wa miaka ya 1920 Baraza lilishika peke yake biashara ya pombe ya Kiafrika huko Pumwani, kwa mfano uliotoka Durban. Mwanamke aliyepika pombe nyumbani kwake alikamatwa, ilhali pombe ya Baraza iliuzwa mchana kweupe, na faida yake ikawekwa katika mfuko wa mambo ya Waafrika. Kutoka mfuko huo mitaa ya Waafrika ilitarajiwa kujitengenezea mambo yake mengi. Wazee wetu Waislamu wa Pumwani, ambao hawakugusa pombe, walijikuta wakisubiri maendeleo yanayotegemea vikombe vya wengine. Na liko dhara lililo kubwa zaidi ya hilo. Maadam mitaa hiyo ilikuwa na mfuko wake, Baraza liliweza kusema kwamba mfuko mkubwa wa mji hauihusu. Kilichoitwa msaada kilikuwa ukuta.

Wakati huo huo sheria ndogo za mji zilimtaka Mwafrika awe na kibali akitembea mjini usiku. Tafakarini jambo hilo: palipokuwa na taa alihitaji ruhusa ya kupita, na nyumbani kwake alikuwa na koroboi na mwezi. Wala kukaa kwenyewe hakukuwa na hakika. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Pangani kilibomolewa, na wenye nyumba wakapelekwa Shauri Moyo, kwa haki iliyokwisha pamoja na uhai wao. Mtu asiyeweza kumrithisha mtoto wake nyumba, atapiganiaje taa ya njiani kwa moyo wote?

Baada ya Vita Vikuu vya Pili mambo yalianza kutikisika. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilikuta Nairobi ina watu wapatao 119,000, na Waafrika wakiwa zaidi ya nusu. Mwaka huo huo ulitolewa Mpango Mkuu wa mji, uliopendekeza mitaa ya mashariki ijengwe kwa vikundi, kila kimoja na shule na uwanja wake. Bwana Ernest Vasey, aliyewahi kuwa meya, aliandika taarifa iliyotolewa mwaka 1950 juu ya makao ya Waafrika mijini. Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ikapewa hati ya kifalme ya kuwa jiji. Waafrika wachache walikuwa wamekwisha kuingia barazani kwa kuteuliwa. Vyama vya ustawi vilikutana katika kumbi kama ile ya Kaloleni, vikachanga fedha za kusafirisha maiti na kusaidia wagonjwa, na humo wengi walijifunza kuandika barua yenye hoja na kushika kumbukumbu za mkutano. Tusiidharau shule hiyo, maana sisi ni watoto wake.

Mwaka 1962 Bwana Charles Rubia akawa meya wa kwanza Mwafrika, na mwaka 1963 nchi ikapata uhuru. Wengi walidhani kwamba giza la mitaa yetu litaisha kwa kuwa sasa viti ni vyetu. Viti vilikuwa vyetu, lakini mfuko haukukua kama watu walivyokua. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 mabaraza yalipoteza kodi ya mapato ya watu waliyokuwa wakiikusanya. Kuanzia mwaka 1983 hadi 1992 Nairobi haikuwa na madiwani wa kuchaguliwa kabisa. Iliendeshwa na tume iliyoteuliwa. Mwaka 1998 ikapitishwa sheria ya kuyagawia mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi. Baadaye zikaja nguzo ndefu katika mitaa ya mabanda, ambazo watu waliziita "mulika mwizi". Mahali zilipowaka, wachuuzi waliongeza saa za biashara. Mahali zilipozimika, nguzo ilibaki imesimama kama mzee asiyeulizwa habari.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadili sheria ya jambo hili. Jedwali lake la Nne lataja, kati ya kazi za kaunti, barabara za kaunti na taa za barabarani, moja baada ya nyingine. Mwaka 2013 Baraza la Jiji likaondoka, na serikali ya kaunti ikashika mahali pake. Kifungu cha 196 chaliagiza bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi yake, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa bunge hilo. Lakini tuangalie tusipotee njia, kwa kuwa sheria ya barabara ya mwaka 2007 iliunda pia mamlaka za kitaifa, na barabara nyingine za mjini ziko mikononi mwao. Anayepeleka ombi mahali pasipo pake atazungushwa mwaka mzima.

Basi, wazee na wanachama, historia hii yasema nini juu ya ugomvi wetu? Kwa maoni ya Kamati, pande zote mbili zina neno la kweli. Wanaotaka tununue taa wanajua kwamba binti anayeporwa usiku huu hawezi kusubiri makadirio ya mwaka ujao. Wanaokataa wanakumbuka, hata kama hawakuisoma popote, habari ya mfuko wa pombe: kwamba fedha ya mnyonge ikishaonekana, mwenye wajibu huihesabu kuwa ndiyo fungu lake.

Kwa hiyo Kamati yaleta mashauri manne mbele yenu. Kwanza, Chama kipeleke ombi la maandishi, lililotiwa sahihi na wakazi, likitaja kila njia kwa jina na mamlaka inayohusika. Pili, ombi lianze na mitaro, kwa maana katika udongo wetu mweusi barabara isiyo na mtaro ni fedha iliyotupwa majini. Tatu, kila taa inayoombwa itajiwe nani ataitunza na nani atalipa deni lake la mwezi, kwa kuwa taa hula kila usiku. Nne, Chama kinunue taa za jua mbili tu, kwa mahali pawili palipo na hatari kuliko pote, na iandikwe wazi katika ombi kwamba tumefanya hivyo kwa dharura, wala si badala ya haki yetu.

Wazee wetu walilipa bila kiti. Sisi tuna kiti, tuna sheria na tuna kalamu. Tukishindwa safari hii, hatutaweza kusema kwamba mlango ulikuwa umefungwa. Kura itapigwa katika mkutano ujao, na kila mwanachama aombwa kuja na neno lake, akiisha kusoma kurasa hizi.

Ni sisi wenu katika utumishi,
Kamati ya Chama