HABARI YA YAYA NA KIINUA MGONGO CHAKE



Imeonekana vema taarifa ya mwaka huu iwe na kumbukumbu ya jambo linalogusa nyumba zetu wenyewe. Yaya anapoambiwa kwamba kazi imekwisha, aondoke na nini mkononi?

Hapa Njoro jambo hili lina mizizi mirefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lord Delamere alipewa ardhi yapata eka 100,000, na walowezi wengine wakafuata. Mashamba hayo yalihitaji watu. Kwa sheria ya 1918, skwota alikubaliwa kukaa katika shamba la mzungu kwa sharti la kulitumikia siku zisizopungua 180 kila mwaka. Alipata mshahara mdogo na ruhusa ya kulima na kulisha mifugo. Mkewe na watoto walikaa kwa jina lake; kazi yake ilipokoma, jamaa nzima ilihama.

Kipande, kilicholetwa na sheria ya 1915, kilikuwa mzigo wa aibu shingoni mwa mwanamume. Hata hivyo kiliandikwa jina la mwajiri, mshahara na siku ya kuachishwa. Mwanamke hakuvishwa kipande, nasi twashukuru. Lakini yaya aliyelea watoto wa nyumba kubwa miaka kumi hakuwa na karatasi ya kuihesabu miaka hiyo. Alichopata siku ya kuagana kilitegemea moyo wa memsahib. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, jamaa nyingi za Wakikuyu ziliondolewa katika mashamba ya Bonde la Ufa zikarudishwa rizavu, na utumishi wa miaka mingi ukapotea hivyo.

Baada ya Uhuru wa 1963 nyumba zilipata wenyewe wapya. Mwalimu, karani na mwenye duka wakawa waajiri, lakini desturi ya kuagana kwa hisani ikabaki.

Sheria ya Ajira ya 2007 haikumtenga mtumishi wa nyumbani. Mtoto akianza shule na kazi ya kumlea ikakoma, yaya apewe taarifa kwa maandishi, na Afisa wa Kazi aarifiwe. Apewe notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo, alipwe likizo aliyokuwa akidai, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Aliyetumika miaka sita anadai siku 90. Apewe pia cheti cha utumishi, ili nyumba ya pili ijue alikotoka.

Nguo kuukuu na nauli ya matatu ni zawadi njema, lakini hazilipi deni hilo. Mama zetu walitoka katika mashamba ya watu mikono mitupu, nasi tukalia. Haifai binti wa mwenzetu atoke hivyo katika nyumba zetu.

Basi kila mwanachama mwenye yaya aweke daftari, aandike siku aliyoanza kazi na mshahara wake, naye yaya apewe nakala.